Namna ya Kufuatilia Mapafu Unapoishi na Lupasi

Mgonjwa wa lupasi anapofika kliniki, maswali ya kwanza huwa juu ya viungo vinavyouma, ngozi iliyobabuka na protini kwenye mkojo. Maswali hayo yana haki yake, kwa kuwa figo huweza kuharibika bila kutoa dalili yoyote. Mapafu nayo hushambuliwa, tena kwa njia kadhaa zisizofanana, lakini habari zake huchelewa kumfikia daktari, kwa sababu mtu anayeishiwa pumzi kidogo kidogo hubadilisha maisha yake bila kujua: anaacha kupanda ngazi, anamtuma mtoto dukani, anapanda bodaboda kwa safari ambayo zamani aliitembea, kisha akiulizwa kama anapumua vizuri anajibu kwamba hana tatizo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo na anayemuuguza. Unaeleza jinsi lupasi inavyoyaathiri mapafu kadiri miaka inavyokwenda, vipimo vya kuomba, namna ya kusoma majibu na kumbukumbu za kuweka nyumbani, na unashikilia jambo moja: mapafu yako yalinganishwe kwanza na mapafu yako mwenyewe ya mwaka jana, ndipo yalinganishwe na ya watu wengine.

Njia ambazo lupasi hupitia

Katika lupasi, kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Wagonjwa tisa hivi kati ya kumi ni wanawake, na wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 44. Kifuani, kinachoshambuliwa kinaweza kuwa utando unaofunika mapafu, vifuko vya hewa, nyama iliyo kati ya vifuko hivyo, mishipa ya damu, au kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kila kimoja kina kasi yake na dalili zake, kwa hiyo kuambiwa tu kwamba "lupasi imeingia kwenye mapafu" hakutoshi. Uliza imeingia wapi.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kuvimba kwa utando wa mapafu, jambo ambalo takriban nusu ya wagonjwa hulipata wakati fulani. Dalili yake ni kichomi: maumivu makali ya upande mmoja au pande zote mbili, yanayozidi unapovuta pumzi ndefu, unapokohoa au unapogeuka kitandani, na mara nyingine maji hujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kwa kawaida hali hii hutulia kwa dawa na haiachi upungufu mkubwa, ingawa ikijirudia sana utando huweza kunenepa na kulizuia pafu lisitanuke.

Tatizo kubwa la kichomi hiki katika Afrika Mashariki ni kwamba kinafanana mno na kifua kikuu cha utando wa mapafu. Magonjwa yote mawili huleta homa, kukonda na maji yenye protini nyingi kifuani, na kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachojulikana zaidi, mgonjwa wa lupasi ambaye bado hajagunduliwa anaweza kuanzishiwa dozi ya miezi sita ya TB kabla ya kupimwa kitu kingine. Maji yakitolewa kifuani, omba yapimwe seli, protini, sukari, kimeng'enya cha ADA na vimelea vya TB, na ujue kwamba jibu hasi la GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya vimelea vya TB, kwenye maji ya kifua halitoshi kukanusha TB. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mgonjwa anayejulikana kuwa na lupasi, anayemeza prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kila siku, anaweza kupata TB ya kweli, huku kila mtu akidhani ni lupasi iliyoamka. Msichana au mama kijana aliyemaliza dozi ya TB bila vimelea kuonekana hata mara moja, na ambaye bado ana kichomi, viungo vinavyouma na nywele zinazokatika, anastahili kipimo cha damu cha kingamwili za ANA, kinachotumika kutafuta lupasi.

Athari zinazokwenda polepole ni za aina tatu, na ndizo zinazohitaji ufuatiliaji wa miaka. Ya kwanza ni makovu kati ya vifuko vya hewa, yanayompata mgonjwa asiyefika mmoja kati ya kumi. Huanza kwa kikohozi kikavu na pumzi inayopungua kwa miezi, na kovu likishajengeka halifutiki, kwa hiyo tiba hulenga kuzuia lisiongezeke. Ya pili ni pafu linalosinyaa, hali iliyoelezwa na madaktari Hoffbrand na Beck wa Uingereza mwaka 1965. Hapa nyama ya mapafu yenyewe ni nzima, lakini kiwambo hakishuki inavyopaswa, hewa inayoingia hupungua, na picha ya eksirei huonyesha mapafu madogo yaliyosukumwa juu. Mgonjwa hulalamika zaidi akilala chali. Hali hii si ya kawaida, na habari njema ni kwamba baada ya kushuka mwanzoni ujazo wa mapafu mara nyingi hutulia, na wakati mwingine hupanda tena kwa matibabu.

Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inastahili kuogopwa kuliko zote za polepole, ni shinikizo la juu katika mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu. Hili si lile shinikizo linalopimwa kwa mkanda wa mkononi; mtu anaweza kuwa na 110 kwa 70 mkononi huku upande wa kulia wa moyo wake ukichoka kusukuma damu kwenye mishipa iliyobanana. Kupumua kwake kunasikika safi kwenye kifaa cha daktari, eksirei inaweza kuonekana ya kawaida mwanzoni, na spirometri, yaani kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, inaweza kutoka nzuri. Dalili ni uchovu usio na maelezo, kuishiwa pumzi kwenye mwinuko, moyo kudunda, kuvimba miguu na, ikichelewa, kuzimia wakati wa kufanya kazi. Wenye vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, na wenye kingamwili ziitwazo RNP, wako katika hatari zaidi.

Juu ya hayo yote kuna damu kuganda. Wagonjwa 30 hadi 40 kati ya 100 wa lupasi wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi (aina ya mafuta yaliyo kwenye seli), ambazo huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mshipa wa mguu na bonge kusafiri hadi kwenye pafu. Bonge lisipoyeyuka huweza kuacha shinikizo la kudumu katika mishipa ya mapafu, na aina hiyo ya shinikizo ni ya pekee kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa inaweza kutibiwa kwa upasuaji.

Anza na kipimo cha msingi

Mtu hawezi kujua amepoteza kiasi gani kama hakujua alianza na kiasi gani. Kwa hiyo mara lupasi inapothibitishwa, hata kama unapumua vizuri kabisa, mwombe daktari picha ya eksirei ya kifua na spirometri, na majibu yake uyahifadhi. Omba pia upimwe kingamwili dhidi ya fosfolipidi, yaani antikoagulanti ya lupasi, antikadiolipini na beta-2 glaikoproteini; zikipatikana, hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi ili kuhakikisha kwamba hazikuwa za kupita tu.

Kipimo kingine muhimu ni kile kinachoonyesha jinsi gesi inavyovuka kutoka kwenye hewa kuingia kwenye damu, kinachoandikwa DLCO. Mgonjwa huvuta mchanganyiko wenye kiasi kidogo mno cha kaboni monoksidi, hushikilia pumzi kwa sekunde 10 hivi, kisha hutoa, na mashine hupima kiasi kilichobaki. Ndicho kipimo cha mapafu kinachoharibika mara nyingi zaidi katika lupasi, wakati mwingine kabla mgonjwa hajahisi chochote. Hakipatikani kila mahali. Kwa kawaida ni hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya hospitali binafsi mijini. Kama kukipata kunamaanisha safari ya siku nzima na gharama kubwa, kifanye mara moja mwanzoni kama uwezo unaruhusu, halafu utegemee spirometri na mwendo wa dakika sita hadi pale patakapotokea sababu ya kukirudia.

Picha ya CT ya kifua haihitajiki kila mwaka kwa mtu asiye na dalili, kwa sababu ya mionzi na ya fedha. Ina kazi yake pale spirometri inaposhuka, kikohozi kinapodumu, au daktari anaposikia milio kwenye sehemu za chini za mapafu. Eko ya moyo, ambayo ni picha ya mawimbi ya sauti isiyo na mionzi, ifanywe mara tu upungufu wa pumzi unapokosa maelezo au DLCO inapokuwa chini, na mapema zaidi kwa wenye vidole vinavyobadilika rangi. Eko hukadiria tu. Shinikizo huthibitishwa kwa kuingiza mrija mwembamba hadi upande wa kulia wa moyo, na tangu miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 kipimo cha wastani kinachozidi milimita 20 za zebaki ndicho kinachohesabiwa kuwa cha juu, badala ya 25 ya zamani.

Siku ya kupuliza

Spirometri ni kipimo kinachotegemea juhudi ya mgonjwa kuliko karibu vyote anavyofanyiwa hospitalini, na kipimo kilichofanywa kivivu ni kibaya kuliko kutopimwa, kwa kuwa namba zake zitaingia kwenye faili na kupotosha ulinganisho wa miaka ijayo. Usile mlo mzito saa mbili kabla ya kupimwa, usivute sigara siku hiyo, na uvae nguo isiyobana kifua wala tumbo. Aliyejifunga kanga kwa nguvu kiunoni ailegeze. Utakaa wima kwenye kiti, utabanwa pua kwa kibanio, utavuta hewa hadi kifua kijae kabisa, utafumba midomo kuzunguka mrija pasipo kuacha mwanya, kisha utapuliza kwa kishindo na kuendelea kusukuma hata unapohisi hakuna kilichobaki. Mpimaji mzuri atakuwa anakuhimiza kwa sauti, "sukuma, sukuma, endelea, bado," na wewe utahisi macho yanakutoka, ndivyo inavyotakiwa. Pumzi idumu sekunde sita au zaidi kama inawezekana. Zoezi hurudiwa mpaka zipatikane pulizo tatu zinazokubalika, na mbili zilizo bora zisipishane kwa zaidi ya lita 0.15. Ukipuliza mara moja ukaambiwa inatosha, omba kwa upole kurudia.

Kama siku hiyo una kichomi, mwambie mpimaji. Maumivu yatakukatisha pumzi na namba zitashuka kwa sababu isiyo ya pafu lenyewe, kwa hiyo ni heri kusubiri utulie. Mwenye TB inayoshukiwa, anayetema damu au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni naye asipulize mpaka daktari aruhusu.

Kuzisoma namba

Karatasi itakuwa na mistari mingi, lakini miwili ndiyo ya kuanza nayo. FVC ni hewa yote uliyoweza kutoa, na FEV1 ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Katika lupasi inayobana au kusinyaza mapafu, zote mbili hushuka pamoja na uwiano wake unabaki wa kawaida au unapanda. Uwiano ukishuka, yaani hewa inatoka kwa shida ingawa ni nyingi, fikiria pumu, sigara au moshi wa jikoni kabla ya kuilaumu lupasi.

Kila namba huandikwa mara mbili: kwa lita, na kwa asilimia ya kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, urefu na jinsia yako. Hapa ndipo wengi wanapotulizwa isivyofaa. Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye kwa umbile lake anatarajiwa kuwa na FVC ya lita 3.0. Mwaka wa kwanza alipuliza 2.9, wa pili 2.7, wa tatu 2.5. Karatasi zote tatu zitaandikwa "kawaida", kwa kuwa hata ile ya mwisho ni asilimia 83, juu ya ile 80 ambayo maabara nyingi huitumia kama mpaka. Hata hivyo amepoteza karibu asilimia 14 ya hewa aliyokuwa nayo, wakati umri peke yake humwondolea mtu mzima mililita 30 hivi kwa mwaka. Kushuka kwa FVC kwa asilimia 10 au zaidi ya ilivyokuwa, au DLCO kwa asilimia 15 au zaidi, ni mabadiliko yanayodai maelezo hata kama karatasi haina alama nyekundu. Aliyeshikilia karatasi ya tatu peke yake hawezi kuliona hilo.

Kuna sababu nyingine ya kutegemea lita. Kwa miaka mingi mashine za spirometri zilikuwa na sehemu ya kujaza asili ya mtu, na mtu mweusi alipojazwa hivyo, kiwango alichotarajiwa kufikia kilipunguzwa, kwa hiyo mapafu yaliyopungua yaliweza kuonekana mazima. Mwaka 2023 Jumuiya ya Kifua ya Marekani ilishauri hesabu isiyotazama asili itumike badala yake. Si kila maabara imebadilisha, na ukipimwa hospitali moja mwaka huu na nyingine mwakani, asilimia inaweza kuruka kwa sababu ya hesabu tu, ilhali lita ni zile zile. Muulize mpimaji mashine yake imewekewa hesabu ipi, na uandike jibu juu ya karatasi yako.

Namba zikisomwa pamoja husaidia kuonyesha mahali palipoathirika. FVC na DLCO zikishuka sambamba, daktari hufikiria makovu na kuagiza CT. DLCO ikishuka peke yake huku FVC imesimama, hufikiria mishipa ya damu na kuagiza eko, lakini kwanza huangalia wingi wa damu: upungufu wa damu, ambao wagonjwa wengi wa lupasi wanao, huishusha DLCO, kwa hiyo kipimo hicho hakina maana kamili mpaka kirekebishwe kwa hemoglobini ya wakati huo. FVC ikishuka huku DLCO ikilinganishwa na ujazo wa pafu inabaki nzuri, kiwambo ndicho kinachoshukiwa, na kupuliza ukiwa umekaa kisha ukiwa umelala huweza kuongeza ushahidi.

Ratiba ya kurudia haifanani kwa wote. Mtu aliyetulia, asiye na dalili na mwenye vipimo vizuri vya mwanzo anaweza kurudia tu inapotokea sababu, ingawa spirometri ya kila mwaka si ghali kulinganisha na faida yake. Aliyekwisha kuonekana na makovu hupimwa kila miezi mitatu hadi sita mwanzoni, kisha vipindi hurefushwa kadiri namba zinavyosimama.

Kazi ya nyumbani

Nunua daftari moja la kudumu. Mara moja kwa mwezi, siku ile ile, andika ngazi ya pumzi yako kwa kipimo ambacho madaktari wa kifua hukitumia duniani kote. Sifuri ni kuishiwa pumzi kwa kazi nzito tu. Moja ni kuishiwa pumzi ukiharakisha kwenye tambarare au ukipanda mlima mdogo. Mbili ni kutembea polepole kuliko watu wa rika lako kwa sababu ya pumzi, au kusimama kupumzika hata ukienda kwa mwendo wako. Tatu ni kusimama baada ya mita 100 hivi au dakika chache. Nne ni kushindwa kutoka nyumbani, au kuishiwa pumzi kwa kuvaa nguo. Kupanda ngazi moja katika mizani hii ndani ya miezi michache ni sababu tosha ya kurudi kliniki kabla ya tarehe.

Mizani hiyo ina udhaifu wa kumtegemea mtu ambaye, kama ilivyosemwa mwanzoni, amekwisha kujizoesha. Kwa hiyo ongeza jambo moja lisilobadilika, kwa mfano njia ya kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala au matatu: andika dakika ulizotumia na mara ulizosimama. Hospitalini kipimo kinachofanana na hiki ni mwendo wa dakika sita kwenye ukumbi wenye urefu wa mita 30, ambapo umbali hupimwa na oksijeni husomwa kabla na baada. Oksijeni ikishuka kwa alama nne au zaidi wakati wa kutembea, hata kama mgonjwa akiwa amekaa inasoma 97, hilo ni jambo la kumwambia daktari siku hiyo hiyo.

Kifaa cha kubana kidoleni, oksimita, kilienea majumbani wakati wa Uviko na kinasaidia kikitumiwa kwa akili. Pasha mikono joto kwanza, ondoa rangi ya kucha au hina, kaa dakika tano, kisha soma namba ikishatulia. Mwenye vidole vinavyokosa damu kwenye baridi anaweza kupata namba ya uongo ya chini. Atumie kidole kingine, au ndewe ya sikio kama kifaa chake kinaruhusu. Kuna uongo mwingine wa kuelekea juu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita ziliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo 94 kwenye ngozi nyeusi isichukuliwe kuwa salama wakati mtu anatweta. Aliyehamia Eldoret kutoka Mombasa naye asishtuke kuona namba imeshuka kidogo, kwa sababu hewa ya mita 2,100 ina oksijeni pungufu. Aandike kawaida yake mpya.

Pumzi inapobadilika ghafla

Yaliyotangulia yanahusu miezi na miaka. Yapo mambo mawili ya lupasi yanayobadilisha mapafu kwa saa au siku, nayo ni nadra lakini huua. Moja ni nimonia ya lupasi yenyewe, isiyotokana na kijidudu, inayoleta homa, kikohozi na upungufu mkubwa wa oksijeni. Jingine ni damu kuvuja ndani ya vifuko vya hewa. Watu husubiri kuona damu kwenye makohozi, lakini sehemu kubwa ya wanaovuja hawatemi damu mwanzoni. Kinachoonekana ni pumzi kuwa fupi, hemoglobini kushuka ghafla na eksirei kuwa na mawingu mapya. Bonge la damu huja na pumzi kukatika kwa ghafla, kichomi, moyo kwenda mbio na pengine mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Kwa hali yoyote kati ya hizi usiende duka la dawa. Sindano ya diklofenaki itatuliza kichomi kwa saa chache, itachelewesha uchunguzi, na inaweza kuzidhuru figo ambazo tayari zina lupasi. Kujifukiza kwa nyungu nako hakufungui mshipa ulioziba. Nenda hospitali yenye eksirei, oksijeni na maabara ikiwa unaishiwa pumzi ukiwa umekaa, umezimia, umetema damu, una homa pamoja na upungufu wa pumzi, au oksimita iko chini ya 92 au imeshuka kwa alama tatu au zaidi chini ya kawaida yako. Ukifika, sema kwanza, "Nina lupasi na natumia dawa za kushusha kinga," kisha toa orodha ya dawa na karatasi ya mwisho ya hemoglobini. Daktari wa zamu atalazimika kutibu maambukizi na lupasi kwa pamoja mpaka ijulikane ni ipi, kwa kuwa hana muda wa kuchagua, na vipimo vyako vya zamani ndivyo vitakavyomfupishia kazi.

Dawa na mapafu

Haidroksiklorokwini, isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ndiyo dawa ya msingi kwa karibu kila mgonjwa, na kuiacha kwa sababu "najisikia vizuri" ni njia ya kawaida ya lupasi kuamka. Uvutaji wa sigara hupunguza nguvu yake, mbali na madhara yake kwenye pafu. Prednisoloni isikatishwe ghafla hata mara moja. Mwenye makovu hupewa maikofenoleti au saiklofosfamidi, dawa kali za kushusha kinga, kwa uamuzi wa daktari bingwa. Methotreksati, inayotolewa kwa ajili ya viungo, kwa nadra yenyewe huvimbisha mapafu, hivyo kikohozi kikavu kipya chenye homa ndani ya miezi ya kwanza ya kuitumia kitajwe mara moja.

Wenye lupasi wanaougua TB wanahitaji uangalifu wa pekee. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hufanya ini liivunje prednisoloni upesi, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikiituliza lupasi inageuka kuwa ndogo, na mgonjwa anaweza kuamka na viungo vilivyovimba wiki chache baada ya kuanza tiba akadhani dawa za TB zimemkataa. Daktari akijua mapema hupandisha prednisoloni kwa kipindi hicho. Rifampisini hudhoofisha pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vidonge vya kupanga uzazi. Septrini nayo, ambayo hutolewa kwa wepesi sana katika zahanati zetu, huweza kuamsha lupasi au kuleta vipele vikali kwa baadhi ya wagonjwa. Isitolewe bila daktari kujua kwamba una lupasi.

Chanjo ya nimonia na ya mafua ya sindano zinafaa na hazina vijidudu hai. Chanjo zenye vijidudu hai, ikiwemo ile ya homa ya manjano inayodaiwa mipakani, hazifai kwa aliye kwenye dawa kali za kushusha kinga. Anayetarajia kusafiri amwone daktari mapema apate cheti cha kusamehewa, asije akachanjwa uwanja wa ndege kwa haraka. Jikoni, jiko la kuni au mkaa litolewe nje au lipewe dirisha kubwa. Moshi hauleti lupasi, lakini pafu lenye akiba ndogo haliustahimili.

Kabla ya mimba

Mwanamke mwenye lupasi anaweza kuzaa, lakini mapafu yapimwe kwanza. Ujauzito huongeza kazi ya moyo na kukisukuma kiwambo juu, na mwenye shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu hushauriwa asibebe mimba kabisa, kwa kuwa hatari ya kifo kwa mama ni kubwa mno. Kwa hiyo kabla ya kuacha uzazi wa mpango, fanya eko na spirometri, rudia kingamwili dhidi ya fosfolipidi, na upitie dawa zako na daktari, kwa sababu methotreksati, maikofenoleti na saiklofosfamidi humdhuru mtoto na zinapaswa kubadilishwa mapema. Inashauriwa lupasi iwe imetulia angalau miezi sita. Wenye kingamwili hizo za fosfolipidi, wakati wanaposubiri, wasitumie vidonge vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda. Kitanzi au vidonge vyenye projesteroni peke yake ndivyo vinavyopendekezwa.